Kima Aliyetaka Kuona Mbele

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mliolala njaa. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na katikati ya mji ulipita mto mpana. Kila mwaka, masika yakiisha, walishindana kuvuta makasia kupanda mto, kutoka gati la chini hadi daraja la juu, tangu alfajiri mpaka jua la utosi. Aliyeshinda alitawala ngazi za mtoni mwaka mzima.

Miaka yote alishinda Fisi na nduguze. Waliogea ngazini, wakachezea hapo hapo, wakavuruga maji. Wengine walikunywa tope. Mtoto wa Kima akawa haishi kuumwa tumbo, hadi Kima akaapa: "Mwaka huu nami naingia mashuani!"

Akaketi kwenye makasia pamoja na Nungu. Shangazi Korongo, mwenye shingo ndefu, akashika usukani.

Sasa, ndugu zangu, mvuta makasia anakaaje? Anaipa safari kisogo. Anaona alikotoka, haoni aendako. Na Kima, jamani! Kima ni yule anayefunua kila chungu, hata cha jirani.

"Mbele niachie mimi," Korongo akamwambia. "Wewe tazama nyuma, uvute."

"Sawa, shangazi."

Ngoma ikalia. Wakavuta, wakavuta. Fisi alimjua Kima vizuri. Walipokaribia daraja la kwanza akapaza sauti: "Kima we! Geuka uone mamba alivyo mkubwa!"

Kima akageuka. Hapakuwa na mamba. Kasia lake likagonga la Nungu, ko! Mashua ikayumba, Fisi akapita.

"Dada Kima, hii ni mikono yangu, si kuni!" Nungu akalalamika.

Wakavuta, wakavuta. Daraja la pili, sauti ikatoka mbele: "Kima we! Geuka uone harusi inavyopita darajani!"

Kima akajizuia. Shingo ikamwasha. Akageuka. Hapakuwa na harusi. Ko! Mashua nyingine zikawapita.

Kima akaona haya, akalia. "Mwanangu atakunywa tope tena kwa ajili ya shingo yangu."

"Kulia ruksa," Korongo akasema. "Ila lia huku unavuta."

Wakavuta, wakavuta. "Kima we! Geuka uone..." Safari hii Kima akang'ang'ana kutazama nyuma. Lakini macho yake hayakuzoea kukaa bure, yakatafuta cha kutazama. Yakaona jani la mgomba, kule ukingoni penye matete.

Ajabu! Mto unashuka, jani mbona linapanda? Akatazama tena. Povu nalo lilipanda. Hata ganda la muwa lilikuwa likiwafuata taratibu, kama kuku amfuataye mwenye mtama.

"Shangazi! Takataka za ukingoni zinapanda mto!"

"Unaota."

"Si ndoto! Geuka uone!"

Korongo akapinda shingo yake ndefu, akaona. Kandokando ya matete maji yalikuwa yanazunguka na kurudi juu. Akageuza usukani kuelekea matete, na mto ule ule uliokuwa ukiwasukuma chini sasa ukawabeba.

Fisi alikuwa akipambana na mkondo katikati. Akaiona mashua ya Kima ikija, ikamfikia, kisha ikapotelea kisogoni pake. Uvumilivu ukamshinda, akageuka. Nduguze wote wakageuka. Ko, ko, ko! Makasia yakashikana, mashua ikaenda mrama.

Kima hakuliona daraja la juu. Alivuta tu. Mbele ya macho yake akaiona mashua ya Fisi, na ya Ngiri, na ya Kiboko, na za wengine wote.

"Shangazi," akauliza, "mbona nawaona wote?"

Korongo akacheka mpaka manyoya yakamtikisika. Hapo Kima akaelewa, akalitupa kasia, akamkumbatia Nungu na miba yake yote.

Jioni ile mtoto wa Kima alikunywa maji safi, yeye na watoto wa kila mnyama, maana mama yake hakumfukuza mtu ngazini.

Basi jueni: udadisi si kosa. Kosa ni kuuacha mlango wako ukachungulia wa mwenzio. Ulipowekwa utazame, tazama sana. Huenda njia iko huko huko.

Ngano yangu imefunga kamba gatini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.