Jivu Chini ya Pikapu ya Nakunda

Kujaza si kuziba. Methali hii mmeisikia leo, mkaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni, na wewe weka simu chini. Msidhani ilitoka kwa wahenga wenye mvi. Ilitoka kwenye pikapu moja kuukuu, hapa hapa Upare, na chanzo chake ni hiki.

Nakunda alikuwa mjane, na pikapu hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Aliiendesha mwenyewe, akishusha tangawizi za wanakijiji sokoni na kurudi na chumvi, sabuni na abiria wawili watatu. Adui yake alikuwa mlima. Kila akiupanda, mshale wa joto ulipanda pamoja naye na injini ikachemka.

Katikati ya mlima palikuwa na chemchemi, na desturi ya madereva wote ilikuwa kusimama hapo. Vijana wa hapo walijaza maji kwenye rejeta, wakaimwagia injini nayo kwa nje, safari ikaendelea. Fundi mmoja alibadili mfuniko wa rejeta. Mwingine aling'oa themostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, akasema nchi ya joto haiihitaji. Gari likaendelea kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi.

Mgonja, kaka wa marehemu, akachoka na aibu ile.

"Shemeji," alisema, "hili limeshazeeka. Jumapili ukoo unakaa. Nitapendekeza liuzwe chuma chakavu, nawe tutakutunza."

Neno hilo la kutunzwa lilimchoma Nakunda. Pikapu ndiyo ilikuwa jembe lake. Bila hiyo angekaa akisubiri kupimiwa unga na mashemeji, na hilo hakulitaka hata kidogo.

Usiku ule akawaza: maji haya yote huenda wapi? Nyumbani gari likiwa baridi, hapavuji kitu. Kwenye chemchemi ardhi imelowa mwaka mzima kwa maji yanayomwagwa, nani ataona tone?

Kesho yake akachukua gunia la jivu la jikoni, akampitia fundi Mbonea. Mlimani injini ilipopata moto, alisimama pakavu, mbali na chemchemi, akazima, akamwaga jivu chini ya gari.

"Mama, chemchemi iko pale mbele," alisema Mbonea. "Twende tukajaze."

"Nimejaza vya kutosha. Kujaza si kuziba. Inama uangalie."

Wakainama. Tone likaanguka kwenye jivu, likaacha doa jeusi. Likafuata la pili, pale pale. Mbonea akafuatisha kwa kidole kutoka doani kwenda juu, akaifikia pampu ya maji. Sili yake, ule mpira wa kuzuia maji yasitoke, ilikuwa imekufa. Ikipoa ilijibana, ikipata moto ilivuja, na mvuke ukaficha mengine yote. Nakunda alicheka hadi machozi yakamtoka, kwa furaha na kwa hasira ya miaka aliyopoteza.

Pampu ikatengenezwa, themostati ikarudishwa mahali pake. Jumamosi akamwalika Mgonja akae kiti cha mbele, nyuma chumvi na sabuni za sokoni zimejaa. Walipokaribia chemchemi, vijana wakakimbilia ndoo zao.

"Simama, shemeji," Mgonja alisema, jasho likimtoka. "Utaiua injini."

"Maji yamo, shemeji."

Akapita. Vijana wakabaki na ndoo mikononi. Mshale wa joto ulitulia katikati mpaka kileleni. Mgonja alishuka upesi akataka kufungua rejeta, Nakunda akamshika mkono. Walingoja ipoe, Nakunda akimsimulia habari ya jivu na lile neno lake la kujaza na kuziba. Ilipofunguliwa, maji yalikuwa hadi shingoni.

Mgonja hakuomba radhi, maana ulimi wake ulikuwa mzito kwa mambo hayo. Lakini Jumapili, shauri la pikapu lilipotajwa, alisimama yeye mwenyewe.

"Gari haliuzwi," aliuambia ukoo. "Tulilaumu uzee wake miaka yote, na hakuna aliyeinama kutafuta panapovuja isipokuwa shemeji. Kujaza si kuziba."