Taa Isiyozimika

Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake haina kona. Aliyechomwa na mwiba akauona mdogo, akaendelea kucheza ngoma, siku moja atashindwa kuvaa kiatu. Lévi Muyisa wa Butembo aliukariri msemo huo shuleni na akapewa alama nzuri. Kuukariri na kuuelewa, hata hivyo, ni majirani wasiosalimiana.

Lévi alikuwa mcheshi ambaye hata kwenye foleni ya maji watu walimpisha ili awachekeshe. Yeye na rafiki yake Esdras walikuwa wameunda Kokoto, mchezo wa mtandaoni wa kupanda kokoto katika vishimo, kama wazee wa milimani walivyoucheza ardhini walipopumzika kulima. Ulipendwa kuanzia Luofu hadi Beni. Wauza maharagwe wa Musienene waliucheza siku ya soko, walimu waliucheza, na katekista mmoja aliucheza ibadani huku akidai anatazama saa.

Kando ya jina la kila mchezaji palikuwa na taa ndogo ya kijani. Ikiwaka, mwenye jina yupo. Simu ikifungwa au mtandao ukikatika, taa ilipaswa kuzimika. Tangu mvua kubwa, lakini, taa zilikuwa zimeingiwa na ukaidi: zikishawaka, hazizimiki. Mtu alimwalika mwenzake mchezoni akangoja mpaka shingo ikakakamaa, kumbe mwenzake yuko shambani na simu ameiacha nyumbani imezimwa. Malalamiko yakamiminika kama mchanga kutoka kwenye lori. Mmoja aliandika kwamba alichumbia mkewe kwa muda mfupi kuliko alivyomngoja mpinzani wake. Lévi akamjibu kwamba basi achumbie wa pili wakati anangoja.

Esdras alimkumbusha mara kwa mara kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya muda wa kunywa chai. Lévi aliitikia, kisha akaendelea kuzipaka mbao za mchezo rangi mpya za Noeli. Rangi husifiwa na watu. Nani amewahi kumsifu fundi kwa taa iliyozimika?

Alijitia hamnazo kwamba taa ile ilikuwa imepewa kazi nyingine. Barabara ya Beni na Butembo si ya kuchezea. Siku njema magari hupita na nyimbo. Siku mbaya bunduki hulia vichakani, na watu wenye silaha hutokeza bila hodi. Mabondeni sauti ya simu hukatika, ila Kokoto, kwa wepesi wake, ilipenya. Basi ikawa desturi: msafiri alifungua mchezo kabla ya kupanda gari, na ndugu zake wakakaa wakitazama taa yake. Ikizimika kwa muda mrefu, walipigiana simu, na vijana wa pikipiki wa vijiji vya njiani wakaomba askari waongozane nao kwenda kutafuta.

Mama Emérence, muuza unga wa mihogo wa mtaa wa Ruwenzori huko Beni, alimpigia Lévi akamweleza jambo hilo pasipo mzaha.

"Sisi hapana naangaliaka mchezo, mutoto wangu," alisema. "Tunaangaliaka taa. Sasa taa ikidanganya, tutaangalia nini?"

Lévi alimwita mama, akamwomba uvumilivu, akaahidi wiki ijayo. Wiki ijayo ilifika, ikapiga hodi, ikaenda zake.

Ndipo ikaja ile Alhamisi. Bénite, mke wa Lévi, alikuwa amekwenda Beni kwenye matanga ya shangazi yake. Asubuhi alipanda gari la Abdias, mwana wa Mama Emérence, arudi nyumbani. Jua lilipofika utosini, habari zikaingia Butembo: risasi zimelia katikati ya njia, magari yaliyokuwa nyuma yamegeuza. Lévi alimpigia mkewe. Sauti ya mashine ikamjibu kwa Kifaransa laini kwamba namba haipatikani. Akapiga tena. Sauti ikarudia, laini vilevile.

Alikimbia hadi nyumbani kwa mama yake, Mama Orpa. Alimkuta barazani akimenya viazi, simu ameiegemeza kwenye ndoo, akiimba wimbo wa kanisa. Mama alimkemea kwa kuja na uso wa mfiwa, akamwonyesha kioo cha simu. Jina la Bénite lilikuwa pale, na kando yake kijani tulivu.

"Taa inawaka, donc bibi yako iko muzima," alisema. "Wasingya, Nyamuhanga," akamshukuru Mungu kwa lugha ya nyumbani. " Juu ya nini unatetemeka?"

Kisha, akiwa na furaha ya mtu aliyetenda jema, akamweleza kwamba vijana wa pikipiki walikuwa wamekwisha kutia mafuta, na askari wamekubali kuwasindikiza. Yeye na akina mama wenzake wa Butembo na Beni ndio waliowapigia simu wakawatuliza. Taa za abiria wote zinawaka, walisema. Ya nini kupeleka watoto wa watu kwenye risasi?

Katika nyumba ile Lévi peke yake ndiye aliyejua taa ile ni kitu gani. Alitamani kuiamini. Aliitazama kwa muda, nayo ikamtazama bila kupepesa, kama jicho la nyoka. Bénite angekuwa hai, ingewaka. Angekuwa amelala mtaroni uso chini, ingewaka vilevile.

Aliona neno lake peke yake haliwezi kuzishinda taa zote zile. Aligeuka akakimbilia kazini. Esdras alikuwa tayari mbele ya mashine, mikono imening'inia.

"Turekebishe sasa hivi," Lévi alisema, akihema.

"Unajua ni nini itafanyika? Taa zote za uongo zitazimika mara moja. Ya bibi yako, ya dereva, ya bote benye kuwa mu ile gari. Mama zao bako naziangalia, Lévi. Butembo na Beni zitalia pamoja."

"Na tukiacha?"

Esdras akamsogezea kiti.

Lévi akaketi. Kazi ile aliyoikimbia miezi mizima ilikuwa fupi kweli, fupi kiasi cha kumtia aibu. Alipomaliza, kidole kikaganda juu ya kitufe. Mwiba uliokuwa wa kung'olewa kwa kucha sasa ulikuwa umezama kwenye nyama. Akafumba macho, akabonyeza.

Taa zikazimika. Zilizimika ukurasa mzima, kama mishumaa mlango unapofunguliwa kwa upepo. Halafu, kutoka nyumba ya pili, mwanamke akapiga yowe. Akaitikiwa na mwingine ng'ambo ya barabara, na mwingine tena mlimani. Simu ya Lévi ikalia. Alikuwa Mama Orpa.

"Lévi," alisema. "Bénite amezimika."

Esdras alimshika bega akamwelekeza kwenye kioo. Miongoni mwa abiria, taa moja ilikuwa imebaki. Ilikuwa ya Agar, mwalimu wa shule ya msingi. Lévi akamwandikia kupitia mchezo akimwuliza wako wapi. Jibu likaja upesi, kana kwamba lilikuwa limeshikiliwa mkononi siku nzima: wamejificha kwenye shamba la ndizi, chini ya kanisa la mabati. Bénite yupo, simu yake imeangukia njiani. Abdias amepigwa risasi, anatoka damu. Tangu mchana, Agar aliandika, anamwomba mumewe na dada yake msaada. Taa zao zilikuwa zikiwaka, mbona hawakujibu?

Lévi hakuwa na nafasi ya kumweleza kwamba mumewe na dada yake hawakuwepo. Simu zao zilikuwa zimezimika kwa kukosa umeme, na Agar alikuwa akilia mbele ya milango isiyo na watu. Alipiga simu kwa vijana wa pikipiki, akawaeleza shamba lilipo. Wakaondoka na askari, mbio.

Jioni, kabla giza halijaingia, Bénite alishushwa mlangoni, nguo imejaa matope, mguu mmoja peku. Mama Orpa alimkumbatia, akakataa kumwachia. Mmoja baada ya mwingine, abiria waliazima simu, wakafungua majina yao, na taa zao zikarudi. Kila taa iliporudi, mahali fulani mjini vigelegele vilipanda.

Bénite alimvuta mumewe kando. Alisema Abdias aliishi mpaka jua lilipoanza kuinama. Alikuwa akiuliza kama wanakuja, naye akamjibu kwamba wanakuja, kwa kuwa ndiyo desturi, siku zote wanakuja. Pikipiki zilipofika, mwili wake ulikuwa bado una joto.

Simu ya Lévi ikaita mfukoni. Ilikuwa namba ya Beni.

"Lévi, mutoto wangu," Mama Emérence alisema taratibu, kwa adabu ileile ya siku zote. "Taa za benzake zimerudia. Ya Abdias hapana. Mais najua mashine yako inadanganyaka. Uniambie: na leo iko nadanganya?"

Lévi alikuwa amemjibu kila mlalamikaji kwa mzaha. Sasa angetoa kila alichonacho ili aweze kumwambia kwamba taa ni mbovu, kwamba avumilie, kwamba wiki ijayo.

"Hapana, mama," alisema. "Leo inasema kweli."

Upande wa pili simu haikukatwa. Lévi alibaki ameishika sikioni, akiogopa kungoja na akiogopa kukata. Mwiba ulikuwa wake, maumivu yakaenda kukaa katika nyumba ya mwingine. Naam, mdharau mwiba mguu huota tende.