Aliyechomoa Flashi Saa Saba

Nakala ya mahesabu yako iko wapi?

Wewe hapo, unayekagua dari kama vile jibu limeandikwa huko. Nimekuuliza wewe. Haya, acha. Leo nikisema "Imehifadhiwa?" itikieni "Haijulikani." Tujaribu.

Imehifadhiwa?

Haijulikani.

Imehifadhiwa wapi?

Palepale.

Palepale wapi?

Hapaonekani.

Basi hapo kale, si kale sana maana umeme ulishakuwepo, ingawa ulikuwa ukija na kuondoka bila kuaga, Kiboko alifungua duka la jumla ukingoni mwa mto. Aliuza pumba, magadi, mihogo mikavu na mikeka. Duka lilikuwa kubwa, mwenyewe alikuwa mkubwa, na kitu alichokipenda kuliko vyote duniani ni kile kilicho cha mwenzake. Akiona sahani yako, ya kwake inakuwa ndogo. Akiona kivuli ulichokaa, cha kwake kinakuwa na joto.

Mahesabu ya duka yaliandikwa na Kindi. Kindi alikuwa mdogo mpaka alikalia debe lililopinduliwa ndipo akafikia kompyuta, lakini alikuwa amesoma chuo cha ng'ambo ya mto, na hakuna aliyewahi kupata nafasi ya kulisahau jambo hilo. Ukimsalimia atakujibu, kisha atakutajia chuo. Mzigo ukiingia, Kindi anaandika, taka-taka-taka. Mzigo ukitoka, Kindi anaandika, taka-taka-taka. Na kila siku saa saba mchana, wote wakienda kula, programu ya mahesabu ilijitengenezea nakala yenyewe na kuiweka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta. Kwa nini saa saba? Kwa sababu programu ile haikutaka kuguswaguswa wakati inajinakili, kama wewe usivyotaka kupigwa picha mdomo umejaa wali.

Na saa saba ilikuwa na utaratibu wake pale dukani. Kiboko aliwatoa wote nje, akafunga mlango wa ofisi kwa ufunguo, akabaki ndani peke yake. Alisema mkubwa hali mbele ya watu. Wafanyakazi wakaona ni heshima. Wakala chakula chao nje, huku wakisikia redio ya bosi ikilia kule ndani, dunda-dunda-pwaa, dunda-dunda-pwaa.

Siku moja Kindi akarudi kutoka kula akakuta kompyuta inalia. Tii, tii, kwaa. Kwenye kioo imeandikwa: Nakala imeshindikana, mahali pa kuhifadhia hapaonekani. Kesho yake akarudi tena. Tii, tii, kwaa. Akaifungua ile flashi aone nakala za zamani. Hakukuwa na nakala hata moja. Mkia wa Kindi ukasimama kama fagio.

Maana kompyuta yenyewe ilikuwa mzee, inakohoa, na ukiigusa vibaya inazimika kwa hasira. Siku ikifa kabisa bila nakala, duka lisingejua nini kimeingia wala nini kimetoka, na wa kuulizwa angekuwa Kindi.

Akaenda kwa Kiboko akamweleza kilichoharibika. Kiboko akamkatiza.

"Usiniambie nini," akasema. "Niambie nani."

Jioni ileile akatangaza kuwa Jumamosi utakuwepo mkutano, na atakayebainika ndiye anayeharibu nakala, akiba yake yote ya chakula itachukuliwa na duka. Sasa nawaomba mhesabu wenyewe ni nani pale alikuwa na akiba. Nungunungu, mlinda ghala, alikula leo kwa leo. Wapagazi wote walikula leo kwa leo. Mwenye akiba alikuwa Kindi peke yake: karanga za kiangazi kizima, zimejaa kwenye tundu la mti nyuma ya duka. Na Kiboko alikuwa na muda mrefu akipita chini ya mti ule pua ikiwa juu, anavuta hewa. Kwa hiyo hukumu ilishapatikana. Kilichokuwa kinatafutwa ni kosa la kuibandika.

Akaletwa mtaalamu. Mtaalamu alikuwa Korongo, amefunga tai, na ule mfuko wake unaning'inia shingoni. Wengi wakadhani ni begi la kompyuta. Alitaka aitwe Dokta. Dokta wa nini, hakuna aliyetaka kuonekana mshamba kwa kuuliza. Akaizunguka kompyuta, akaitazama kwa jicho la kulia, akaitazama kwa jicho la kushoto, akasema tatizo ni la kimfumo. Kindi akauliza kimfumo maana yake nini. Korongo akasema maana yake ni kwamba atahitaji samaki.

Akala samaki. Akaamuru waya ubadilishwe. Waya ukabadilishwa. Saa saba ikafika, mlango ukafungwa, wakala, wakarudi. Tii, tii, kwaa.

Akala samaki. Akaamuru inunuliwe flashi kubwa zaidi. Ikanunuliwa. Saa saba ikafika, mlango ukafungwa, wakala, wakarudi. Tii, tii, kwaa.

Akala samaki. Akaamuru kompyuta igeuzwe itazame mashariki, ili data itiririke na mkondo wa mto. Ikageuzwa. Tii, tii, kwaa. Korongo akapangusa mdomo akasema tunakwenda vizuri.

Msidhani Kindi alikuwa na akili kumshinda. Yeye aliipuliza flashi, fuu, fuu. Akaisugua kwa mkia. Akaibembeleza kwa jina la chuo. Akaisomea dua. Kitu kimoja tu kilimpa kizunguzungu: asubuhi akiilazimisha programu itengeneze nakala kwa mkono, inatengeneza bila kinyongo, flashi inapokea, kila mtu anaheshimiana. Ikifika saa saba, mahali hapaonekani. Mahali gani hapa, panapoonekana asubuhi na kujificha mchana?

Kilichomwongoza basi hakikuwa elimu. Kilikuwa umbea. Siku iliyofuata, wenzake walipoanza kula, Kindi alipanda nguzo, akapita juu ya paa la makuti, akapenyeza kichwa kwenye tundu, akachungulia ofisini.

Akamwona Kiboko. Kiboko hakuwa anakula. Kiboko alienda nyuma ya kompyuta, akashika flashi, chomo. Akaipeleka kwenye sabufa yake, chomeke. Kikaanza kile wote walichodhani ni redio, dunda-dunda-pwaa, na juu yake sauti ya Kiboko mwenyewe, iliyorekodiwa, ikiimba kwamba nani mnene, ni mimi mnene, nani wa mto, ni mimi wa mto. Na bosi mzima akawa anacheza, miguu mifupi, tumbo linakwenda kushoto yeye akienda kulia, macho kayafumba kwa kujipenda. Kompyuta ikaanza kulia, tii, tii, kwaa. Kiboko akaongeza sauti. Wimbo ulipoisha, akairudisha flashi mahali pake kama vile haijaguswa.

Kindi akashuka mbio mpaka kwa Nungunungu akamsimulia yote. Nungunungu alicheka hadi akajichoma.

"Basi umwambie, shoga," akasema alipopata pumzi.

"Nimwambie nini? Kwamba bosi ndiye anayeharibu?"

"Eh."

"Kamwambie wewe, una miiba."

Nungunungu akakumbuka ana kazi ghalani. Maana pale ukingoni hapakuwa na desturi ya kumwambia mkubwa kosa lake. Mkubwa akiteleza, wadogo husema sakafu ina tabia mbaya. Kindi angesema amemwona, wangemuuliza alikuwa anafanya nini juu ya paa, na karanga zingeondoka na mkia pia. Kwa hiyo alifanya mambo mawili. Kwanza, asubuhi na mapema alitengeneza nakala kwa mkono kwenye flashi yake mwenyewe, akaifukia chini ya karanga. Pili, akaazima mkokoteni.

Jumamosi ikafika. Kiboko akakalia benchi lake na la jirani. Korongo akakaa kando yake, kanyoosha tai. Wengine wakakaa chini. Kiboko akaisoma hukumu yake tena, taratibu, akimtazama Kindi: aliyeharibu nakala, akiba yake yote, bila kubakiza. Akauliza kama kuna mwenye swali. Wote wakasema hakuna, mzee.

Kindi akasimama juu ya debe. Sauti yake ilikuwa nyembamba na tamu, ile ya mtu anayetaka kukuuzia kitu.

"Mzee wangu, chanzo nimekipata. Kila saa saba kuna mtu anaichomoa flashi."

Masikio ya Kiboko yakatikisika, tipu-tipu.

"Na mtu huyo," Kindi akaendelea, "ametuokoa sote."

Kindi akaeleza, bila kumeza hata mate, kwamba chuo chake cha ng'ambo kimegundua virusi wanaopita kwenye nyaya saa saba kamili kama siafu. Wanakula flashi, kisha wanahamia kwenye pumba. Maduka mengi yameteketea. Lakini hapa, shujaa mmoja asiyetaka sifa amekuwa akiichomoa flashi saa ileile, kwa hekima yake, akitumbuizwa na muziki wa heshima ili virusi wasishtuke. Chuo kimefurahi mno. Chuo kimetuma zawadi, mkokoteni mzima wa matikiti maji, na sharti ni moja tu: shujaa ajitaje mwenyewe mbele ya watu.

Nje kukasikika kwiri-kwiri-kwiri. Alikuwa Nungunungu, anasukuma mkokoteni uliojaa mawe yaliyofunikwa mkeka, na juu ya mkeka kaweka tikiti moja la kuazima. Dirishani lilionekana hilo tikiti tu. Kiboko akameza, gubu.

Lakini hakusimama, maana hata tamaa huwa na dakika yake ya woga. Aliyesimama alikuwa Korongo.

"Sikutaka lijulikane," akasema, kainamisha kichwa. "Ni mimi."

Watu wakageuka. Kindi hakumbishia hata kidogo. Alimuuliza kwa adabu alikuwa akichomoa kwa mkono gani. Korongo akatazama mabawa yake akasema alichomoa kwa mdomo, kitaalamu. Akamuuliza aliingiaje na mlango umefungwa. Korongo akasema kimfumo. Akamuuliza ule wimbo mzuri wa kutumbuiza ni wa nani. Korongo akatabasamu, akasema ni wake, aliutunga mwenyewe, na sauti inayosikika mle ni yake.

Kindi akapiga makofi. Nungunungu kule nje akapiga makofi. Wapagazi, ambao hawakuwa wameelewa kitu lakini walitaka mkutano uishe, wakapiga makofi. Kwiri-kwiri, mkokoteni ukaingizwa ndani, ukaanza kusogezwa upande wa Korongo. Kiboko akawa anatoka jasho jekundu, benchi linalia chini yake, nyee, nyee.

Hapa ndipo msimulizi mwenye adabu hutoa funzo, na mimi nitalitoa sasa hivi kwa sababu baada ya hapa hamtanisikia kwa kelele. Funzo ni hili: wakubwa waaminiwe, milango yao iliyofungwa iheshimiwe, na mtu mdogo asipande paa la ofisi kwa sababu yoyote ile. Wataalamu walipwe samaki wao. Na uongo, watoto wangu, ni mbaya sana, haujamfaidisha mtu hata siku moja. Kindi mwenyewe huwafundisha wanawe hivyo kila jioni, akiwa amekaa juu ya karanga zake.

Ngano yangu imefika kwenye kioo, bonyeza hifadhi. Aliyeipenda aiweke mahali pawili, na pa pili asimwonyeshe bosi.

Mnasemaje? Kiboko? Ah, Kiboko.

Kiboko alivumilia mpaka mkokoteni ulipofika mbele ya miguu ya Korongo. Alivumilia mpaka Korongo alipolishika lile tikiti. Kisha Korongo akajikohoza akaanza kuimba maneno aliyoyasikia nje ya mlango, nani mnene, ni mimi mnene, kwa ile miguu yake kama vijiti, na hapo mabenchi yote mawili yakavunjika kwa pamoja, kwaa, Kiboko akasimama katikati ya watu, kifua mbele, akanguruma mto mzima ukamsikia:

"Mwongo huyo! Wimbo ni wangu, sauti ni yangu, na flashi naichomoa mimi! Kila saa saba, kwa mkono wangu huu! Na zile nakala za zamani, nani alizifuta ili wimbo upate nafasi? Mimi! Moja baada ya nyingine, nilizifuta mimi!"