Kitanda cha Pili Melini

Hapo zamani, si zamani ile ya wafalme na majini bali ile ambayo wengine wetu tuliiona kwa macho yetu, palikuwa na mwanamke Mombasa, mtaa wa Kuze, jina lake Bi Mwanakombo. Mumewe, Mzee Mbwana, alikuwa mpaka rangi bandarini. Miaka thelathini alining'inia ubavuni mwa meli kubwa za matembezi, juu ya ubao na kamba mbili, akikwangua kutu na kupaka rangi nyeupe. Miaka thelathini, na hakuwahi kuingia ndani hata ya moja. Alizijua kwa nje tu, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani asiyemkaribisha.

Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alimwambia mkewe, "Mafao yangu yakitoka, usinijengee kaburi la marumaru. Panda meli moja, Mwanakombo. Uone ndani kuna nini. Mimi nimeshindwa." Kisha akatoa shahada, na Mwenyezi Mungu akamchukua.

Bi Mwanakombo akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, haendi sokoni, haendi harusini, hajipambi, haonani na mwanamume yeyote ila maharimu wake, ndugu asioweza kuolewa nao. Alisali, akalia, akasali tena.

Siku ya ishirini mtu akabisha hodi. Alikuwa wakala wa safari, jina lake Bwana Idarusi. Alisema marehemu aliwahi kupita ofisini kwake kuulizia safari ya meli.

"Poleni na msiba," akasema, kwa sauti ya chini.

"Tumeshapoa," Bi Mwanakombo akajibu nyuma ya pazia. "Karibu kitako."

"Sikai, mama."

"Basi kahawa."

"Sinywi, mama. Naacha karatasi. Meli itaondoka Kilindini kwenda Shelisheli na Morisi, siku kumi na mbili. Nitakuwekea chumba mpaka utoke eda. Sitaki arubuni, pesa ya kushikia chumba."

Akaweka mkekani karatasi yenye picha za meli na vyumba vyake, akaondoka upesi.

Bi Mwanakombo akabaki na shaka. Mtu ananong'ona. Mtu hakai. Mtu hanywi. Na zaidi ya yote, hataki arubuni. Mfanyabiashara gani huyu?

Wifi yake, Bi Saumu, dada wa marehemu, akaziangalia zile picha zenye kung'aa. "Hataki arubuni kwa kuwa anataka kikubwa zaidi. Wifi, mwanamume anayemletea mjane picha za vitanda ndani ya eda, anauza safari au anajiuza mwenyewe?"

"Wacha maneno yako, Saumu!"

"Mimi nimeuliza tu. Udongo wa kaka yangu haujakauka."

Bi Mwanakombo hakucheka. Wosia wa mumewe ulikuwa mmoja, na mali ya kuutimizia ilikuwa yale mafao tu, ya kulipwa mara moja. Ikiliwa na tapeli, wosia umekufa. Naye hawezi kutoka akajionee. Basi akawaita watu wake watatu wa karibu.

Akamwambia binti yake, "Mwanasiti, nenda ukaitazame meli."

Akamwambia wifi yake, "Saumu, nenda ukamtazame mtu."

Akamwambia kaka yake, karani mstaafu, "Twalibu, wewe itazame karatasi."

Mwanasiti akaenda bandarini. Akawaendea wapaka rangi waliofanya kazi na baba yake, akawauliza kama meli hiyo ipo kweli. Wiki haikwisha akarudi nyumbani, akasema, "Bado wanatafuta, Mama." Wiki ya pili, "Bado, Mama." Mwezi wa pili, "Bado." Shaka ya Bi Mwanakombo ikanenepa.

Bi Saumu akaenda ofisini kwa wakala. Akakaa kwenye benchi na tambuu yake, siku tatu, anatazama nani anaingia na nani anatoka. Siku ya kwanza wakaja watu waliotoka safari, wamemletea Bwana Idarusi tende na shukrani. "Wamepangwa hawa," akasema moyoni. Siku ya pili uvumilivu ukamshinda. Akasimama katikati ya wateja.

"Tapeli! Anakula mali ya wajane huyu! Hebu waambie, mbona hukunywa kahawa ya wifi yangu?"

Wateja wawili wakachukua mikoba yao wakatoka. Bwana Idarusi akainamisha kichwa.

"Bibi, mwanamume mgeni akae kitako nyumba ya eda, anywe kahawa, acheke na mjane, mtaa ungesema nini? Nilinong'ona kwa heshima ya msiba. Hiyo arubuni nayo, nani amdai mtu mwenye kilio?"

Bi Saumu hakuridhika. Siku ya tatu akamtafuta bibi mmoja katika wale wa tende mpaka nyumbani kwake Makadara. Bibi yule akaapa kwamba alipanda, akala, akalala, akarudi, na yote yalikuwa kama alivyoambiwa. Hapo Bi Saumu akarudi kwa wakala kumwomba radhi, kisha akaja nyumbani akasema, "Wifi, mtu ni mkweli. Nimemvunjia heshima bure." Lakini habari ya meli ilikuwa bado, na shaka ya Bi Mwanakombo haikuisha.

Twalibu naye akavaa miwani akaisoma karatasi mstari kwa mstari, hata maandishi madogo ya chini kama miguu ya sisimizi. Akakuta jambo. Chumba ni cha watu wawili. Bei yake ni ya vitanda vyote viwili kwa pamoja. Na jina la pili lisipoandikwa, chumba hupewa wengine.

Akamkabili wakala. "Hili hukulisema!"

"Hamkuniuliza, na mimi sikukaa," Bwana Idarusi akajibu. "Ila kitanda cha pili kimeshaingia katika bei. Mama amchukue amtakaye."

Basi eda ikaisha. Bi Mwanakombo akaoga, akavaa kanga mpya, pazia likafungwa kando. Baada ya sala ya adhuhuri Bwana Idarusi akaja na fomu.

"Mama, jina la pili naliona limeandikwa kwa penseli. Sijui kama umeliridhia."

Jina lilikuwa Twalibu. Mwandiko ulikuwa wa Twalibu, wa siku ile alipokwenda kumkabili wakala.

"Makubwa!" Bi Saumu akapiga makofi. "Karani hastaafu!"

"Nimeandika haki," Twalibu akasema. "Mwanamke hasafiri bila maharimu. Hapa maharimu ni nani? Wewe una ndevu? Na bila mimi kusoma ile karatasi, nani angejua kuna kitanda cha pili? Chumba kingekwenda hivi hivi."

"Kitanda hicho ni cha kaka yangu," Bi Saumu akasema. "Yeye ndiye aliyeitamani meli, na damu yake iliyobaki ya tumbo moja ni mimi. Tena nani aliyemhakikisha mtu? Nimekaa benchini mpaka miguu ikavimba."

"Ukamfukuzia mtu wateja."

"Na radhi nimeomba! Wewe umemwomba nani radhi ya hiyo penseli?"

 Bi Mwanakombo akamgeukia Mwanasiti. "Na wewe? Meli yangu iko wapi?"

"Ipo, Mama. Iko katika orodha ya meli zitakazokuja. Baba mwenyewe aliwahi kuipaka rangi. Nilijua tangu wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza! Ukaniacha nimshuku mja wa Mungu miezi yote hii?"

Mwanasiti akalia. "Baba nimemzika, najua alipo, kila Ijumaa naenda kumsomea. Baharini hakuna kaburi la kuzuru. Niliona nikinyamaza utachoka, utabaki. Sasa najua huchoki. Nichukue mimi, Mama. La kutokea likitokea, litukute pamoja."

Bi Mwanakombo akawatazama mmoja mmoja. "Tangu mwezi wa kwanza namshuku mgeni," akasema taratibu, "kumbe mgeni ni msafi, na walionidanganya nimewatuma mwenyewe."

Bwana Idarusi akakohoa. "Mama, majina yanapelekwa leo kabla ya magharibi. Likikosekana la pili, chumba kinakwenda, na meli hiyo hairudi mwaka huu."

Bi Mwanakombo akalifuta lile jina la penseli kwa kidole gumba. Akashika kalamu ya wino. Mstari ukabaki mweupe, na watatu wamesimama mbele yake.

Basi nyinyi mliokaa mkasikiliza, msiharakishe. Bila Mwanasiti, meli isingejulikana kuwa ipo, lakini aliificha. Bila Saumu, mtu asingejulikana kuwa mkweli, lakini alimwaibisha. Bila Twalibu, kitanda chenyewe kisingejulikana, na sheria ya maharimu iko upande wake, lakini alijiandika kabla ya kuulizwa. Jua linashuka. Mwiteni mmoja, na mwambieni mjane huyu atawatazamaje wawili watakaobaki gatini.

Je, nani alistahili kulala katika kitanda cha pili?