Zimwi Lililokataa Kumenyewa Mkindu

Paukwa!
Pakawa!
Pua?
Tumeziba!
Masikio?
Tumefungua!

Hapo kale alikuwako msuka mikeka, Bi Shuweikha, na bintiye mmoja tu, Mwanakombo. Mlangoni pao palikuwa na mkindu wa mashina matatu, kimo cha mtu mzima. Bi Shuweikha aliupanda uwe pambo, akaunywesha maji ya kuoshea vyombo, nao ukampa ukindu wa kusukia na matunda ya kumumunya.

Siku moja likaja zimwi. Wanangu, mimi nimetembea. Nimelala nyumba za wageni ambamo kunguni ndio wenyeji, na soksi zangu mwenyewe zimewahi kunifukuza chumbani. Lakini zimwi hili! Ndevu zimegandana kwa mate, makucha yana utumbo wa jana, na kila likicheka funza wanadondoka.

"Nina njaa! Nina njaa! Nina njaa!" likanguruma. "Nipe bintiyo!"

"Bwana Zimwi," akasema Bi Shuweikha, "kuna kitamu kuliko binti. Subiri nikate, subiri nimenye, subiri nitie tui."

Akakata shina moja la pembeni. Akaondoa makuti yenye miiba, ganda baada ya ganda, mpaka akafikia kichilema, ule moyo wa mti, mweupe na laini. Akaupika. Zimwi likala, likalamba chungu, likalamba na mafiga. Likabeua. Kuku wakazimia.

"Kesho tena!"

Siku ya pili likaja. "Nina njaa! Nina njaa! Nina njaa!"

"Subiri nikate, subiri nimenye, subiri nitie tui."

Likala shina la pili, likapenga kamasi kwenye mkeka mpya, likaondoka.

Siku ya tatu lilibaki shina la katikati, mama wa mengine. Bi Shuweikha akashika shoka. "Subiri nikate, subiri nimenye..."

"Sisubiri! Mwizi wewe! Unamenya ili unipunje. Yale unayotupa ndiyo matamu, unakula na mwanao!"

"Ile ni miiba, baba!"

"Miiba ni ya wenye midomo midogo!"

Basi likakumbatia shina, likakitafuna kilele kizimakizima.

Mara, "Aaaa!" Miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia ilikuwa imezama ulimini, kwenye fizi, kooni. Mdomo ukagoma kufunga.

Zimwi likampigia magoti Mwanakombo. "Nitoe miiba! Nitoe miiba! Nitoe miiba!"

Mwanakombo akachungulia. Akaona nywele zimenasa menoni, kwato ya mbuzi, usaha wa kijani, na kitu fulani ambacho bado kilikuwa kinatembea.

"Mama," akasema, "bora linile."

"Halikuli, mwanangu. Kwa mdomo huo hata uji halinywi."

Zimwi likashika njia ya porini, mdomo wazi, nzi wakiingia na kutoka kama wapangaji. Halikuonekana tena. Mvua ziliponyesha, chini ya mkindu yakatoka machipukizi mapya, tena manne.

Hadithi yangu imeishia hapo, kilichobaki ni kwenda kunawa. Na funzo lake ni hili: anayekuandalia chakula mwache amalize kazi yake, wala usimwite mwizi kwa sababu ya pupa yako.