Vigingi Barazani

Uchungu wa mwenzako ni mwepesi kuubeba, kwa kuwa hauubebi wewe. Unampa pole, unatikisa kichwa, kisha unakwenda zako kula. Afisa mipango wa mji mmoja mdogo alikuwa hodari wa pole za namna hiyo, ingawa hakuwa mtu mbaya. Watu walimbandika jina la Bwana Kamba, kwa kamba ya kupimia ardhi aliyotembea nayo kutwa.

Mji ulikuwa ukiumuka kama unga uliotiwa hamira, na malori yaliwagonga waenda kwa miguu kila mara. Bwana Kamba akachora njia ya miguu na baiskeli, kutoka makazi mapya hadi sokoni, ipite mtaani kwake. Ilikuwa kazi njema, nani asiyekiri? Ila ilibidi livunjwe baraza la jirani yake, mjane fundi cherehani, aliyeshonea hapo kwa kuwa ndani mna giza.

"Shemeji, baraza hili marehemu alilijenga kwa mikono yake," fundi alimwambia.

"Pole sana, shemeji. Lakini watoto wanagongwa barabarani. Tusiwe watumwa wa matofali."

Fundi aliinua cherehani yake akaiingiza ndani, na kesho yake baraza likawa kifusi.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Bwana Kamba. Kwenye ramani alijua fika kwamba njia ingepita barazani kwake, lakini ramani haina viti. Hapo ndipo mkewe alipokuwa akimngojea jioni, mpaka maradhi yakamchukua. Tangu hapo alizoea kukaa hapo peke yake akikisimulia kiti kitupu habari za ofisini. Vibarua walipokaribia na vigingi vyao, moyo ulimpasuka.

"Pindisheni njia," akawaamuru. "Itokee barabara kuu, kisha irudi ikishaipita nyumba yangu."

Vibarua walitazamana, wakapindisha.

Njia ilipofunguliwa, kila mwenye baiskeli aliyefika penye nyumba yake alishuka, akaisukuma ubavuni mwa malori huku roho mkononi. Hakuna aliyegeuza shingo kumsalimu. Baraza alikuwa amelinusuru, na upweke aliokuwa nao ukazaa mwingine mkubwa zaidi. Siku fundi aliponusurika kukanyagwa na lori penye kona ile, Bwana Kamba alichukua nyundo akalivunja baraza kwa mikono yake, machozi yakimtiririka bila haya.

Kisha akaenda kubisha hodi kwa jirani, vumbi likiwa bado nguoni.

"Shemeji, nimekuja kukupa pole ya baraza."

"Mbona limevunjwa siku nyingi?" fundi alisema bila kuinua macho.

"Najua. Lakini limeniuma leo."

Cherehani ilisimama. Fundi alimsogezea kigoda, wakakaa, kila mmoja na marehemu wake. Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.