Amina ya Mjane Wakesho

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni!
Inakuja na njaa!
— Iketi, ile!

Hapo kale, fisi walipokuwa bado wanaimba kanisani, mjane Wakesho alimzika mumewe, Mwadime. Watu wakaja matangani. Wakalia, wakala, wakarudi makwao. Mmoja hakurudi. Nani? Fisi. Alikuja na Biblia kwapani, akasema anabaki kumfariji mjane.

Faraja yenyewe, sikieni. Chakula kikitengwa, Fisi anaguna: "Dada Wakesho, kiti cha marehemu ni kitupu." Wakesho anajifunika kanga usoni, analia. Akijifunua, sufuria tupu. Kesho yake ni koti la marehemu. Kanga, kilio, sufuria tupu. Siku nyingine ni jembe la marehemu. Kanga, kilio, sufuria tupu. Nasi tuliofiwa mnatujua: anayetuliza zaidi ndiye tunayemwita rafiki.

Kuku wakaisha. Mbuzi wakaisha, akabaki mmoja, wa maziwa ya watoto. Fisi akasema kesho achinjwe, kwa heshima ya marehemu. Wakesho akajifunika, akalia. Lakini kanga ilikuwa imechakaa kwa machozi. Akaona kupitia kwayo: Fisi anatafuna, macho makavu kama jiko la jana.

Jioni ile akapika kunde za mwisho. Akasema, "Kaka Fisi, leo tushukuru kwanza."

Fisi akafumba macho. Angefanyaje? Kijijini pale sala ikishaanza hakuna aliyegusa chakula kabla ya amina, hata mchungaji, na yule mchungaji alipenda kula.

"Bwana, asante kwa Mwadime. Alikoroma kama jiwe la kusagia, nami nikajua yuko hai."

"Amina," akasema Fisi.

"Bado, kaka. Asante kwa mikono yake. Ukuta alioujenga umepinda, lakini upo."

"Amina, dada."

"Bado. Asante kwa mbuzi, ambaye kaka Fisi hatamla."

Fisi akafumbua jicho moja.

Wakesho alianza kwa hila, nisiwadanganye. Ila baada ya mbuzi akamsahau Fisi. Akashukuru kwa mvua, kwa jirani mwenye mdomo mrefu, kwa kicheko cha Mwadime. Machozi yakamtoka, lakini hakujifunika. Akawaona watoto wake, macho wamefumba, matumbo yanaunguruma. Akashukuru kwa kila mmoja, tena polepole.

Mate ya Fisi yakatiririka mpaka kwenye Biblia. Akashindwa. Akatia mkono sufuriani.

"Mama hajasema amina!" watoto wakapiga kelele. Majirani wakatoka na mienge. Fisi mbio, aibu nyuma yake, na tangu siku hiyo haimbi tena kanisani. Anacheka tu porini.

Biblia aliiacha. Walipoifungua, katikati ya Zaburi kulikuwa na kifurushi cha chumvi.

Wakesho akaonja kunde. Hazikuwa na chumvi. Akampandisha kitinda mimba kwenye kiti cha Mwadime, akafumba macho tena.

"Na kwa chumvi hii, Bwana, asante. Amina."

Wakala.

Hadithi imeshiba, imeshukuru, inaaga.
— Iende salama!
Ikibaki, ifukuzeni.